Kabla Hatujaingia Kitum

Tuko watano. Mimi, binamu zangu wawili wa Bungoma, na marafiki wawili wa Kitale ambao wameamka wakiona Mlima Elgon tangu wazaliwe na hawajawahi kupita lango la mbuga. Mpango ni wa wikendi moja: Ijumaa mchana tunatoka Bungoma, tunalala Kitale, Jumamosi alfajiri tunapanda matatu ya Endebess, kutoka hapo ni boda hadi lango la Chorlim, halafu miguu, tukiwa na askari wa KWS, mpaka mapangoni. Ada ya kuingia inalipwa kwa eCitizen, kwa hivyo hakuna kubembelezana na mtu langoni. Kwenye kundi letu la WhatsApp kila mtu alipewa kazi. Mmoja anatafuta mahali pa kulala, mwingine anakusanya pesa (huyo ndiye ana kazi ngumu kuliko wote), na mimi nikaambiwa: wewe ndiye mtu wa kusoma, tutafutie stori ya hayo mapango.

Nimeitafuta wiki tatu. Mimi si mwanahistoria. Niliacha chuo mwaka wa tatu karo ilipokatika, na tangu hapo nakula kwa kuandikia watu vitu ambavyo jina langu halionekani. Lakini hii nimeiandika kwa jina langu, kwa sababu kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyoona kwamba safari yenyewe haianzii Chorlim. Inaanza kwenye barabara tunayoijua, dakika chache tu kutoka stendi ya Bungoma.

Ukitoka Bungoma kuelekea Webuye unapita Bukembe, na hapo Bukembe kuna kiwanda cha sukari cha Nzoia. Kila mtu wa Bungoma ana mtu aliyewahi kufanya kazi pale au kulima miwa ya pale. Sisi tuna khocha, ndugu ya mama, aliyeajiriwa katikati ya miaka ya 80. Kiwanda kilianza kusaga miwa mwaka 1978, na katika miaka hiyo ya kwanza kulikuwa na wageni wa kigeni waliokuja kushughulikia mitambo. Mmoja wao alikuwa mhandisi Mfaransa mwenye umri wa miaka 56. Mwanzoni mwa mwaka 1980, sikukuu zikiwa zimeisha juzi tu, alitembelea pango la Kitum. Siku chache baadaye kichwa kikaanza kumuuma, kisha homa, kisha kutapika damu. Akapelekwa Nairobi kwa ndege na akafia hospitalini. Daktari kijana aliyekuwa akimhudumia, Shem Musoke, naye akaugua kiasi cha kukaribia kufa, lakini akapona. Damu yake ndiyo iliyotoa jibu: virusi vya Marburg.

Marburg ni mji wa Ujerumani. Virusi hivyo vilipata jina hilo mwaka 1967, wafanyakazi wa maabara huko Marburg, Frankfurt na Belgrade walipoambukizwa na tumbili walioletwa kutoka Uganda. Watu 31 waliugua, 7 wakafa. Yaani ugonjwa ulitoka huku kwetu, ukapewa jina la kule ulikoonekana na watu wenye darubini, halafu miaka 13 baadaye tukaambiwa kuna ugonjwa wa Kijerumani Bungoma. Nilimuuliza khocha kama waliwahi kuambiwa pale kiwandani. Alinitazama kama mtu anayeulizwa swali la mtego. Hakuwahi kusikia. Watu wa Marekani walikuwa wameshasoma habari hiyo kwenye kitabu cha Richard Preston, The Hot Zone, mwaka 1994, kikauzwa dunia nzima, na mtu aliyefanya kazi kwenye kiwanda chenyewe amesikia kutoka kwa mpwa wake akiwa amestaafu.

Mwaka 1987 ikatokea tena. Mvulana wa Kidenmaki wa miaka 15, familia yake ikiwa inaishi hapa Kenya, alitembelea Kitum, akaugua, akafa. Hapo sasa pango likawa mshukiwa rasmi. Mwaka 1988 kikosi cha watafiti wa jeshi la Marekani, wakishirikiana na Wakenya, kikaingia Kitum kimevaa mavazi ya kujikinga kama watu wanaokwenda mwezini. Waliweka ndani tumbili na wanyama wengine wa maabara kwenye vizimba ili waone kama wataambukizwa. Walikamata popo, wadudu, kila kilichopumua. Hawakupata kitu. Wanyama wa vizimbani wakabaki wazima, pango likabaki na siri yake.

Jibu lilichelewa karibu miaka 20. Mwaka 2007 watafiti walipima popo kutoka Kitum na kukuta virusi vya Marburg kwa popo mmoja wa aina ile inayokula matunda. Upande wa Uganda ushahidi ulikuwa unakusanyika pia: wachimba madini wa Kitaka waliugua mwaka huohuo wa 2007, na popo wa shimo lao wakakutwa na virusi, mwaka 2008 mwanamke Mholanzi aliyeingia pango la chatu katika msitu wa Maramagambo alifariki baada ya kurudi kwao. Halafu Oktoba 2017, kwenye miteremko ya Elgon hiihii, wilaya ya Kween, familia moja ilipoteza watu watatu. Mmoja wao alikuwa mwindaji aliyekuwa akiwinda karibu na pango lenye popo. Mwingine alikuwa ameingia Kenya kabla hajafa, na maafisa wa afya wa upande wetu wakalazimika kuwafuatilia watu aliokutana nao.

Niliposambaza haya kwenye kundi, binamu mmoja akaandika "aki nimetoka", mwingine akatuma stika. Wa Kitale wakasema watu wanaingia humo kila wikendi na wanatoka. Na ni kweli. Watu wengi sana wameingia Kitum tangu 1980, wanafunzi kwa wazungu, na wagonjwa wanaohusishwa na pango hilo ni wale wawili. Lakini mtu anayesema hakuna hatari hajasoma, na anayesema Kitum ni mlango wa jehanamu amesoma kitabu kimoja tu. Mimi naona tatizo la hadithi ya virusi liko mahali pengine. Imekuwa kubwa mno. Ukitafuta jina Kitum kwenye intaneti, kurasa kumi za kwanza ni damu na mavazi ya mwezini. Ndovu wanapata mistari miwili mitatu. Watu walioishi kwenye mapango ya mlima huo hawapati hata mmoja.

Tuendelee na barabara. Baada ya Bukembe ni Webuye, na juu ya Webuye ni vilima vya Chetambe. Mtu wa Bungoma hahitaji kuelezwa Chetambe, ila nataka wa Kitale waelewe kwa nini kukhu hupunguza sauti tukipita pale. Mwaka 1895 Wabukusu walikuwa na ngome za udongo zenye handaki kuzunguka, walizojenga kujikinga na wavamizi. Waingereza chini ya Hobley, aliyekuwa mtawala wao Mumias, walikuja na askari wa Kisudani na washirika wengine wa Kiafrika, wakapiga ngome ya Lumboka, kisha ya Chetambe. Ukuta wa udongo unazuia mkuki. Hauzuii bunduki za aina ile. Walioanguka ndani ya Chetambe walikuwa wengi, na waliosalia walitawanyika.

Kwa nini naleta Chetambe kwenye stori ya mapango? Kwa sababu ni swali lilelile: ukivamiwa, unajificha wapi? Wabukusu wa tambarare walijenga kuta. Majirani zao wa juu, Wakony, hawakuhitaji kujenga. Mlima uliwapa kuta tayari.

Mwaka 1883, Joseph Thomson, kijana Mskoti wa miaka 25 aliyekuwa amevuka nchi ya Wamaasai, alifika upande wa kusini wa mlima huu mwishoni mwa mwaka. Alikuta watu wanaishi mapangoni. Si mtu mmoja mmoja aliyekimbia mvua, la, vijiji. Vibanda vilikuwa vimejengwa ndani ya pango, maghala ya nafaka humo humo, ng'ombe wakiingizwa jioni, na mdomo wa pango umezibwa kwa miti ili adui asipite. Thomson alishangaa, na mshangao wake ukamtuma mahali pa ajabu. Alitazama ukubwa wa mapango na alama za kuchimbwa kwenye kuta, akaamua kwamba haya yamechimbwa na binadamu. Hapo hakuwa mbali sana na ukweli. Lakini aliwauliza wenyeji, wakamwambia ni kazi ya Mungu, naye akaona haiwezekani watu hawa ndio waliochimba. Basi ni nani? Akafikiria taifa la kale lililostaarabika, labda Wamisri, waliokuja kutafuta vito au madini. Watu wako mbele yake, moshi wa jiko lao uko darini, yeye anatafuta Farao.

Nimeisoma sehemu hiyo mara nyingi nikicheka, halafu nikaacha kucheka, kwa sababu tabia hiyo haijaisha. Mpaka leo mtu akikuelezea mapango ya Elgon ataanza na ndovu, virusi, volkano, wapelelezi wa kizungu. Wakony watatajwa kama wapangaji waliopita.

Ni nani hasa aliyechimba? Hapa sayansi yenyewe ni tamu kuliko Wamisri wa Thomson. Elgon ni volkano iliyozimika, ya kale kuliko Mlima Kenya na Kilimanjaro. Ilipokuwa hai ilitema majivu na mawe yaliyoshikana kuwa mwamba laini kiasi, na ndani ya mwamba huo mna chumvi za sodiamu. Majivu hayo yalifunika msitu pia. Ndani ya Kitum, ukimulika ukuta, unaona magogo yaliyogeuka jiwe yakiwa yamejitokeza. Juu mlimani mvua ni nyingi, inaosha chumvi yote kwenye udongo, kwa hivyo majani anayokula mnyama hayana chumvi ya kutosha. Mnyama anayekula majani bila chumvi ni kama mtu anayekula ugali bila mboga. Ataishi, lakini atatafuta.

Ndovu wa Elgon walitafuta wakapata. Wanaingia Kitum usiku, kwa mstari, watoto wakiwa karibu na mama zao. Pango linaingia ndani kama mita 200, na baada ya hatua chache ni giza ambalo macho hayana kazi. Wanapapasa kwa mkonga, sakafu imejaa mawe yaliyoanguka kutoka darini, na pembeni kuna ufa mrefu ambao ndovu wadogo wamewahi kutumbukia wakafia humo. Wakifika ukutani wanachoma kwa pembe, wanabandua kipande, wanakisaga kwa magego na kumeza. Kwenye kuta kuna mikwaruzo ya pembe kila mahali, mingine juu, mingine chini ya usawa wa goti, ya watoto wanaojifunza. Nyati na pongo nao huingia kulamba. Hata wenyeji walichimba chumvi hiyohiyo kwa ajili ya ng'ombe wao.

Mwanzoni mwa miaka ya 80 Mwingereza anayeitwa Ian Redmond, aliyekuwa ametoka kufanya kazi na masokwe wa Rwanda, alikaa mapangoni usiku baada ya usiku akiwapiga picha, na dunia ikajua kwamba kuna ndovu wachimba migodi. Kuna wanaosema ndovu ndio waliochimba mapango yote, kipande kwa kipande, kwa maelfu ya miaka. Wengine wanasema maji yalianza, dari ikaanguka, kisha ndovu na binadamu wakapanua. Mimi naegemea kwa hao wa pili. Maji kwanza, halafu kila mwenye haja ya chumvi akaongeza chake, wa pembe na wa shoka. Yaani wale wazee waliomwambia Thomson ni kazi ya Mungu hawakuwa mbali. Wala Thomson mwenyewe, kama angekubali kwamba mchimbaji ndiye aliyemkaribisha.

Miaka hiyohiyo ya Redmond ndiyo miaka ya ujangili. Ndovu anayepitia mlango mmoja kila anapotaka chumvi ni rahisi kumvizia, na majangili walijua hilo. Waliuawa wengi mno, na waliobaki wakawa waoga wa mapango yao wenyewe. Kwa hivyo msitegemee kukutana na ndovu Kitum. Tutaona mikwaruzo na mavi, na tukiwa na bahati, mavi mabichi.

Kitale. Tutafika jioni, na nimependekeza Jumamosi jioni tukirudi tupite makumbusho, ingawa najua wengine watataka tu nyama choma. Makumbusho ya Kitale yanatokana na mkusanyo wa Stoneham, afisa wa jeshi la Uingereza aliyehamia huku na kuanzisha makumbusho yake binafsi mwaka 1926: vipepeo, ndege, vitabu, vitu vya watu. Alikufa miaka ya 60, na mwaka 1974 mkusanyo wake ukawa chanzo cha makumbusho ya umma. Mwaka huohuo wa 1926 ndio reli ilifika Kitale. Si bahati tu. Baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia serikali ya kikoloni iligawa Trans Nzoia kwa walowezi, wengi wao askari waliostaafu, na reli ikaja kubeba mahindi yao. Mahindi ya Kitale ambayo sisi tunajivunia yalianzia hapo.

Na tambarare hiyo ilikuwa ya nani kabla? Wasabaot, ambao Wakony ni tawi lao, walichunga humo. Walisukumwa juu mlimani, au wakabaki kama vibarua kwenye mashamba yaliyokuwa malisho yao. Walipeleka madai yao mbele ya Tume ya Ardhi ya Carter, iliyotoa ripoti mwaka 1934. Hawakurudishiwa Trans Nzoia. Huku juu nako maisha ya mapangoni yakakatishwa. Maelezo yanayorudiwa sana ni kwamba serikali ilitaka watu watoke waishi peupe, mahali wanapoweza kuhesabiwa na kutozwa kodi. Ukifikiria vizuri inaeleweka: pango ambalo Mmaasai mwenye mkuki ameshindwa kuingia, karani mwenye daftari ataingiaje?

Kuna jambo moja dogo nimelipata njiani ambalo wa Bungoma hawajalipenda. Miongoni mwa Wasabaot kuna Wabongomek. Wengi wanaamini jina Bungoma limetoka kwao. Binamu yangu alikataa kabisa, akasema Bungoma ni ya Wabukusu tangu zamani. Kukhu, aliyekuwa akipepeta maharagwe na tulidhani hasikilizi, akasema, "Tulikaa nao. Tukapigana nao. Tukaoana nao. Jina liliwapata hapo." Halafu akaendelea na maharagwe yake.

Kukhu hataki twende. Virusi havimsumbui, anasema magonjwa yako hata sokoni. Kwake mlima ni Masaba, si Elgon, na Masaba si mahali pa kutembea tu; unakwenda ukiwa na sababu. Ni msimamo wenye historia yake. Wafuasi wa Dini ya Msambwa, iliyoanzishwa na Elijah Masinde wa Kimilili, waliuita mlima huo Sayuni na kuupanda kuomba. Masinde, ambaye wazee wengine humkumbuka kwanza kama mchezaji mpira hodari, alisema wazungu warudi kwao na akakataa amri zao. Februari 1948 polisi walifyatulia umati risasi Malakisi, watu 11 wakafa, na Masinde akasakwa, akakamatwa na kupelekwa uhamishoni Lamu. Kukhu alikuwa mtoto. Anakumbuka watu wazima wakizima taa mapema. Kwa hivyo mjukuu akija na simu kusema anaenda mlimani kupiga picha, kukhu anasikia kitu tofauti na ninachosema.

Na kuna sababu ya karibu zaidi, ambayo kizazi chetu hatuhitaji kuisoma. Nilikuwa darasa la chini wakati familia zilipoanza kushuka kutoka Mlima Elgon na magodoro mgongoni. Kuanzia 2006 kundi la SLDF lilichukua bunduki, chanzo kikiwa mashamba ya makazi ya Chebyuk: nani apate, nani atolewe. Zaidi ya watu 600 waliuawa na kundi hilo kwa hesabu ya mashirika ya haki za binadamu. Wengine walikatwa masikio. Machi 2008 jeshi likaingia kwa operesheni iliyoitwa Okoa Maisha, wanaume wakakusanywa kwa mamia na kupelekwa kambi ya Kapkota kuchujwa, na mashirika hayohayo yakaandika kuhusu mateso na watu ambao hawakurudi. Wapiganaji walijificha msituni na mapangoni. Baadhi ya waliolala darasani kwetu wiki hizo walikuwa wa rika langu, na mmoja alinifundisha kutengeneza gari la waya. Sijui jina lake la pili.

Chebyuk yenyewe ni tawi la stori hii ya mapango, ukiifuata hadi mzizi. Juu kabisa, kwenye nyika ya Chepkitale, waliishi Waogiek wa Elgon, wafugaji na warina asali. Mwaka 1968 serikali ilitangaza Mbuga ya Kitaifa ya Mlima Elgon, kilomita za mraba 169, na Kitum iko ndani yake. Miaka ya 70 watu wa Chepkitale walianza kuhamishiwa Chebyuk, chini kidogo, ambako kulikuwa na watu wengine wenye madai yao. Mwaka 2000 Chepkitale nayo ikatangazwa hifadhi ya kitaifa. Wenyewe hawakuulizwa. Walirudi, wakatolewa, nyumba zikachomwa, wakarudi tena. Mwishowe walikwenda kortini, na Septemba 2022 Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Bungoma ikaamua kwamba ardhi ya Chepkitale ni yao na kuigeuza hifadhi kulikiuka Katiba.

Mjini Bungoma! Nilikuwa nikipita karibu na mahakama hiyo wiki ile nikienda kuchapisha barua za kuomba kazi. Magazeti yalikuwa yamejaa siasa za serikali mpya, na uamuzi kuhusu watu walioupanda mlima na kurudishwa chini kwa miaka 50 ulipita kimya.

Basi nimerudisha mapendekezo yangu kwenye kundi, na baada ya kubishana siku mbili tumekubaliana hivi. Makingeni tutaanza nayo, kwa sababu mdomo wake una maporomoko ya maji yanayoanguka mbele ya mlango na unaweza kukaa pale mwanga ukiwa wa kutosha kuona jinsi kijiji kingeweza kuenea ndani. Kitum tutaingia sehemu ya mbele, tuone magogo ya jiwe na mikwaruzo, bila kwenda mwisho walikojaa popo. Barakoa, glavu, mikono mirefu, hakuna kugusa ukuta wala kinyesi, hakuna kula ndani, na nguo zifuliwe siku hiyohiyo. Binamu mdogo, ambaye ana miaka 14 na alijiongeza mwenyewe kwenye safari, atabaki nje na mmoja wetu, tutapokezana. Kila mtu tochi mbili.

Rafiki mmoja wa Kitale amesema shangazi yake ameolewa na Mkony huko Kapsokwony, na baba mkwe wake bado anakumbuka hadithi za mababu waliozaliwa pangoni. Tumeongeza Jumapili kwenye mpango. Tutatoka Kitale mapema kupitia Kimilili, tununue sukari na majani chai njiani, maana kwa mzee hatuendi mikono mitupu. Pesa zimekuwa hazitoshi sasa, kwa hivyo nyama choma ya Kitale imeondolewa. Kukhu alipoambiwa kuhusu mzee wa Kapsokwony hakusema tuende wala tusiende. Aliuliza mzee huyo ni wa ukoo gani, kisha akaingia ndani na kutoka na kibuyu cha mtama, tumpelekee.